Mwongozo wa kufufua injini ya Chevrolet 350 kwa mashindano ya robo maili

Kila majira ya baridi yanapokaribia kwisha hapa Ohio, vijana wetu wazungumzaji wa Kiswahili walionunua Camaro, Nova au pikapu ya zamani hunijia na maswali yale yale: wanunue pistoni za aina gani, kamshafti iwe kubwa kiasi gani, je, wanaweza kufunga ringi mpya bila kupeleka bloku kwa mkerezaji, na kwa nini injini ya fulani ilinoki katika mbio ya tatu ilhali kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kipya. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Injini nyingi za aina hiyo nilizozifungua zilikuwa na vipuri vizuri ambavyo havikupimwa na mtu yeyote kabla ya kufungwa.

Nitazungumzia injini moja tu, Chevrolet 350 ya silinda nane, kwa sababu ndiyo wengi mnayoanza nayo na ndiyo ninayoijua vizuri. Familia yake ilianza mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi za ujazo 265, na 350 yenyewe ilitoka mwaka 1967 pamoja na Camaro ya kwanza. Kipenyo cha silinda zake ni inchi 4.000 na mwendo wa pistoni ni inchi 3.48. Vipuri vyake bado vinapatikana kila mahali, na bei zake zinavumilika.

Lengo letu ni mashindano ya braketi, ambayo ndiyo mlango wa kawaida wa mtu asiye na mfadhili. Humo dereva hutangaza mwenyewe muda ambao gari lake litatumia kumaliza robo maili, yaani mita 402, na gari la polepole huruhusiwa kuondoka kwanza kwa tofauti ya muda ule. Ukikimbia haraka kuliko ulivyotangaza, umeshindwa. Kwa hiyo injini inayorudia muda ule ule asubuhi na jioni ina thamani kubwa kuliko injini yenye nguvu nyingi isiyotabirika. Ukijenga 350 yenye nguvu farasi 350 hivi na kuiweka katika gari la pauni 3,400, utapata muda wa sekunde 12.5 hadi 13.5, ikitegemea tairi na gia zako, na kwa mwanzo huo ni muda wa kutosha kabisa.

Unachohitaji kabla ya kugusa boliti ya kwanza

Aliyejifunzia kazi kwenye gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi anajua tayari sehemu kubwa ya haya. Atakalopaswa kulizoea ni vipimo vya inchi. Katika mwongozo huu nitatumia neno "thau" kwa maana ya sehemu moja ya elfu ya inchi, kama mafundi wanavyosema, na torki nitazitaja kwa futi-pauni.

- Maikromita ya nje ya kuanzia inchi 2 hadi 3, na nyingine ya kuanzia inchi 4 hadi 5.
- Kipimo cha saa cha kupimia ndani ya silinda, na kingine chenye kishikio cha sumaku.
- Fila geji (vibapa vya kupimia mapengo), uzi wa Plastigage wa kijani (uzi laini unaobanwa ili kupima nafasi ya beringi), na spana ya torki ambayo usahihi wake umekaguliwa.
- Duara la digrii la kupimia kamshafti, pamoja na boliti ya kuzuilia pistoni.
- Faili au kifaa cha kusagia ncha za ringi, na bangili ya kubania ringi ya kipenyo cha inchi 4.030, yaani cha silinda iliyopanuliwa thau 30.
- Stendi ya injini, winchi, mifuko mikubwa ya nailoni, na brashi ndefu za kusafishia njia za oili.
- Daftari. Usitegemee simu kwa kazi hii, kwa sababu mikono yako itakuwa na oili siku nzima.

Usinunue pistoni kabla bloku haijapimwa. Wengi hununua pistoni za ovasaizi ya thau 30 kwa sababu zina punguzo, kisha mkerezaji anagundua kwamba silinda moja ina mkwaruzo unaohitaji thau 40, na fedha zimekwisha.

Soma pia kanuni za mwaka husika za uwanja unaotaka kukimbia. Kwa kanuni za NHRA, shirika la Marekani la mashindano haya lililoanzishwa mwaka 1951, dereva wa gari linalotumia sekunde 13.99 au pungufu katika robo maili lazima avae helmeti, na gari la paa la chuma linaloingia chini ya sekunde 11.50 huhitaji nguzo za kumkinga dereva gari likipinduka. Ni afadhali ujue mapema injini yako itakuweka kundi gani.

Hatua za kazi

1. Itambue bloku. Futa grisi kwenye ukingo wa nyuma wa bloku, upande wa kushoto, juu ya mahali gia boksi inapofungwa, usome namba iliyoyeyushiwa humo. Namba 3970010 ni ya kawaida na inafaa sana, lakini haikuambii kama kepu za meni, yaani vifuniko vya beringi kuu za krenkishafti, zina boliti mbili au nne, hivyo lazima ufungue sampu, bakuli la oili lililo chini, uone mwenyewe. Boliti mbili zinatosha kwa kazi yetu. Jambo lenye uzito zaidi ni sili ya nyuma ya krenkishafti: bloku za hadi mwaka 1985 zina sili ya vipande viwili, na za kuanzia 1986 zina sili ya kipande kimoja, kwa hiyo krenkishafti, sampu na fleksipleti (bamba linalounganisha krenkishafti na gia boksi ya otomatiki) za makundi hayo mawili hazibadilishani hivi hivi.

2. Fungua kwa utaratibu na uweke alama. Kepu za meni na kepu za konrodi haziruhusiwi kuhama mahali pake wala kugeuzwa. Zipige namba kwa patasi ya namba kabla hazijatoka. Kabla ya kusukuma pistoni nje, vika boliti za konrodi vipande vya mpira wa mafuta ili zisikwaruze shingo za krenkishafti. Beringi za zamani usizitupe, zipange mezani kwa mfuatano wake, kwa maana beringi iliyolika upande mmoja tu inakueleza kwamba konrodi imepinda au shingo imekaa mshazari, na maelezo hayo huyapati kwa njia nyingine ya bei rahisi.

3. Peleka kwa mkerezaji ukiwa na orodha iliyoandikwa. Bloku ikaguliwe nyufa, silinda zipanuliwe na kuhoniwa zikiwa zimefungwa bamba la torki, yaani bamba zito linaloiga mkazo wa hedi, krenkishafti isagwe na kung'arishwa, konrodi zifungwe boliti mpya na tundu zake kubwa zirudishwe kwenye duara, na mkusanyiko wote ulinganishwe uzito. Mpe pistoni zenyewe mkononi kabla hajamaliza kupanua, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda hutegemea aina ya pistoni: za kumimina za hipayutektiki, yaani za aluminiamu yenye silikoni nyingi, huhitaji thau moja na nusu hadi mbili hivi, na za kufua huhitaji zaidi ya hapo, kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Swali la kama unaweza kubadilisha ringi tu, jibu lake ni kipimo: silinda iliyolika kuwa pana juu kuliko chini, au iliyopoteza uduara, haitazibwa na ringi yoyote mpya.

4. Piga hesabu ya mgandamizo kabla ya kununua hedi na gasketi. Hapa ndipo watu hubahatisha, nami nataka uione hesabu yenyewe. Silinda ya inchi 4.030 yenye mwendo wa inchi 3.48 ina ujazo wa sentimita za ujazo 727.4. Kwa kipimo hicho hicho cha sentimita za ujazo, chukua hedi yenye chemba ya 64, pistoni bapa yenye vishimo vya valvu vya 5, pistoni inayobaki chini ya uso wa bloku kwa thau 25, ambayo ni 5.2, na gasketi ya thau 39 yenye tundu la inchi 4.100, ambayo ni 8.4. Jumla ya nafasi inayobaki juu ni 82.6. Jumlisha 727.4 na 82.6, ugawe kwa 82.6, utapata 9.8 kwa 1. Hedi za chuma zenye uwiano huo hufanya kazi vizuri kwa petroli ya oktani 93 inayouzwa kituoni. Ukimwambia mkerezaji apunguze uso wa bloku hadi pistoni ibaki chini kwa thau 5 tu, nafasi hiyo inashuka hadi 78.4 na uwiano unapanda hadi takribani 10.3, nawe hapo huna tena nafasi ya kukosea taiming, yaani wakati wa cheche ya plagi. Lakini kupunguza uso huo kuna faida yake, kwa kuwa umbali mdogo kati ya pistoni na hedi, takribani thau 40 hadi 45, huchanganya hewa na petroli vizuri na kupunguza kugonga. Ukichagua njia hiyo, tafuta pistoni yenye kishimo kikubwa zaidi ili kurudisha uwiano chini.

5. Osha kwa maji moto na sabuni. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu sisi tuliokulia kwenye gereji za nyumbani tumezoea kuosha kila kitu kwa petroli au dizeli. Vumbi la jiwe la kuhonia halitoki kwa petroli, linasambaa tu na kujificha ndani ya mikwaruzo ya silinda. Tumia maji moto, sabuni ya vyombo na brashi, upitishe brashi katika kila njia ya oili kutoka ncha hadi ncha, usuuze, ukaushe kwa hewa ya kompresa, kisha papo hapo upake oili nyepesi kabla kutu haijaanza. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya silinda. Kikitoka na rangi ya kijivu, rudia. Nimewahi kurudia mara tano katika bloku moja.

6. Rudisha vizibo vyote vya njia za oili. Vizibo vitatu vya mbele, nyuma ya gia ya kamshafti, na vile vya nyuma, vyote vifungwe na kukaguliwa kwa tochi. Kipo kimoja kidogo ambacho watu husahau zaidi: kinakaa ndani ya njia ya oili iliyo chini ya kepu ya meni ya nyuma, na kazi yake ni kulazimisha oili ipite kwenye filta. Kikikosekana, oili inapita njia ya mkato na injini inakunywa uchafu wake bila kuchujwa.

7. Laza krenkishafti na upime nafasi ya kila beringi. Beringi ziwe kavu kabisa upande wa mgongo, na makao yake kwenye bloku yawe makavu vilevile, kwa sababu oili ikikaa nyuma ya beringi inaharibu kipimo na kuzuia joto lisipite. Pima shingo kwa maikromita mahali pawili na kwa pande mbili, uandike. Shingo za meni za kiwandani zina takribani inchi 2.449 na za konrodi 2.100. Kisha kata kipande cha Plastigage, ukilaze juu ya shingo kavu, funga kepu hadi torki kamili, ufungue bila kuzungusha krenkishafti, na ulinganishe upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Meni ziwe na thau 2 hadi 3, na konrodi thau 2 hadi 2 na nusu.

Nieleze kwa nini sipuuzi hatua hii hata ninapochoka. Niliwahi kununua seti ya beringi za konrodi katika sanduku lililoandikwa kwamba ni za shingo iliyosagwa thau 10. Lebo ilikuwa safi, na muuzaji alikuwa mtu ninayemwamini. Nilipofungua kepu ya kwanza, uzi wa Plastigage ulikuwa bado mviringo, haukubanwa hata kidogo, umelala juu ya shingo kama nilivyouweka. Ndani ya sanduku la thau 10 kulikuwa na beringi za ukubwa wa kiwandani. Ningefunga bila kupima, nafasi ingekuwa thau 12, na injini ile isingemaliza dakika zake za kwanza.

Baada ya vipimo kukubali, paka oili ya kufungia, funga kepu za meni kwa torki 70 kwa awamu tatu, mishale yote ikielekea mbele, na baada ya kila kepu uzungushe krenkishafti kwa mkono. Ikiwa nzito ghafla baada ya kepu fulani, tatizo liko kwenye kepu hiyo. Beringi ya kuzuia mwendo wa mbele na nyuma ni ya tano, iliyo nyuma kabisa. Kabla ya kukaza kepu yake, gonga krenkishafti mbele na nyuma kwa nyundo ya mpira ili nusu mbili za beringi zikae sambamba, kisha upime uchezaji wake kwa kipimo cha saa. Thau 2 hadi 6 ni sawa.

8. Saga ncha za ringi, kila ringi kwa silinda yake. Ingiza ringi ndani ya silinda, isukume chini inchi moja kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae bapa, upime pengo kwa fila geji. Kwa silinda ya inchi 4.030 ringi ya juu iwe na pengo la thau 18, na ya pili thau 20 hadi 22. Saga ncha moja tu, ukisaga kuelekea ndani, na uondoe kingo kali. Pengo likiwa dogo mno, ringi inapopata joto ncha zake hugusana, na hapo huvunja kichwa cha pistoni. Pengo lililozidi kwa thau mbili halitakuletea shida yoyote utakayoiona.

9. Ingiza pistoni. Alama ya ringi itazame juu, mapengo yapishane, na upande wa konrodi wenye ukingo uliochongwa mshazari uelekee kwenye kona ya shingo, si kwa konrodi mwenzake. Sukuma kwa mpini wa nyundo kwa nguvu ya mkono. Ukihisi imekwama, simama hapo hapo, kwa maana ni ringi iliyotoka nje ya bangili, na pigo moja litaivunja. Boliti za kiwandani za inchi 3/8 hukazwa kwa torki 45. Boliti mpya za mbio zina maelekezo yake na kilainisho chake, na maelekezo hayo ndiyo yafuatwe.

10. Funga kamshafti na uipime kwa digrii. Kwa injini ya kwanza chagua kamshafti ya wastani inayofanya kazi kati ya mizunguko 1,800 na 6,000 kwa dakika. Kubwa kupita hapo hudai springi, konveta na gia za nyuma ambazo huna. Paka mafuta mazito ya molibdenamu kwenye vinundu vyote na kwenye nyuso za tapeti. Ili kupata kilele halisi cha pistoni ya kwanza, funga boliti ya kuzuia, zungusha krenkishafti taratibu hadi pistoni iguse, uandike digrii, kisha zungusha upande wa pili hadi iguse tena, uandike. Katikati ya namba hizo mbili ndipo kilele kilipo. Usiamini alama ya puli, kwani pete yake ya nje hukaa juu ya mpira na huhama kadiri miaka inavyopita. Ndipo ulinganishe usomaji wa valvu na karatasi ya kamshafti.

Kumbuka jambo moja ambalo limewasumbua wengi: vitone vya gia za cheni vinapotazamana, cha juu kikiwa chini na cha chini kikiwa juu, silinda iliyo tayari kupokea moto ni ya 6, si ya 1. Zungusha krenkishafti duara moja kamili kabla ya kuingiza distributa.

11. Pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Weka bonge la udongo laini juu ya vishimo vya pistoni, funga hedi kwa gasketi iliyokwishatumika ya unene ule ule, tumia tapeti ngumu (isiyo ya haidroliki) na springi dhaifu, zungusha mara mbili, fungua, kata udongo kwa wembe na upime pale palipo pembamba zaidi. Valvu ya kuingiza ibakiwe na thau 80, ya kutolea thau 100.

12. Pampu ya oili na sampu. Gari likiondoka kwa nguvu, oili yote hukimbilia nyuma, kwa hiyo tafuta sampu yenye kuta za kuizuia ndani. Bomba la kunyonyea lichomelewe kwenye pampu, springi ya pampu ikiwa imetolewa kwanza ili joto lisiiharibu, na mdomo wake uwe umbali wa inchi 3/8 kutoka sakafu ya sampu. Bomba lililopachikwa tu kwa kugongwa huanguka kwa mtikisiko. Shafti ya kuendeshea pampu iwe na kola ya chuma badala ya plastiki.

13. Hedi. Kila hedi ina boliti 17, na matundu yake yanaingia kwenye maji. Paka dawa ya kuziba kwenye nyuzi za kila boliti, la sivyo maji yatapanda taratibu kwenye nyuzi na utabadilisha gasketi nzima bila sababu. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwanza 25, kisha 45, kisha 65. Manifoldi ya kuingiza hewa ikazwe kwa 30, na vipande vya koki vya mbele na nyuma uviache kwenye sanduku, utumie mstari mnene wa silikoni.

14. Rekebisha roka. Kwa kila silinda, valvu ya kutolea inapoanza tu kufunguka, rekebisha ya kuingiza. Valvu ya kuingiza inapokaribia kujifunga kabisa, rekebisha ya kutolea. Kaza huku ukisogeza pushrodi juu na chini hadi uchezaji uishe, kisha ongeza robo hadi nusu duara. Usipime kwa kuizungusha pushrodi kwa vidole, kwa sababu utakaza kupita kiasi.

15. Sukuma oili kabla ya kuwasha. Ukiwa hujaweka distributa, ingiza shafti ya kuendeshea pampu kwa drili, ukizungusha kuelekea mkono wa saa. Shafti hiyo iwe na kola pana kama ya distributa yenyewe, vinginevyo oili itavujia katikati na upande mmoja wa tapeti utabaki mkavu. Msaidizi azungushe krenkishafti taratibu hadi uone oili ikitoka kwenye roka zote 16. Hii inaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, na huna budi kusubiri.

16. Uwashaji wa kwanza. Kama kamshafti yako ni ya tapeti bapa, nusu saa hii ndiyo itakayoamua maisha yake. Tumia oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, iliyotengenezwa kwa kazi ya kuzoesha injini. Kama hedi zina springi mbili mbili, ondoa za ndani kwa sasa. Jaza kabureta petroli kwa mkono, rejeta iwe imejaa maji, taiming iwe karibu na sawa, ili injini iwake kwa mzunguko wa kwanza wa stata. Ikiwaka, ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 hadi 2,500 na usiiruhusu kushuka kwa dakika 20 hadi 30, ukiipandisha na kuishusha kidogo kidogo, kwa sababu vinundu hulainishwa na oili inayorushwa na krenkishafti na kasi ya chini hairushi ya kutosha. Ukiona moshi mzito, maji yakivuja au presha ya oili ikishuka, zima, rekebisha, anza upya. Baadaye mwaga oili, kata filta na utandaze karatasi yake juani. Vumbi jembamba la kijivu ni la kawaida, ila vipande vinavyometa au vinavyovutwa na sumaku si vya kawaida.

Ukiwa umemaliza, weka taiming ya jumla kati ya digrii 34 na 36 kwa hedi za zamani, au 32 hadi 34 kwa hedi za Vortec za miaka ya 1996 na kuendelea, ukipima kwa taa kwenye mizunguko 3,000 hivi huku bomba la vakyumu la distributa likiwa limechomolewa na kuzibwa.

Matatizo na namna ya kuyatafuta

*Haiwaki na inatema moto kwenye kabureta.* Distributa imekaa kinyume kwa nusu duara, au nyaya zimepishana. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2.

*Inawaka lakini inakosa moto kwenye mizunguko mikubwa.* Angalia nyaya za silinda ya 5 na ya 7. Silinda hizo zimepakana na hupokea moto moja baada ya nyingine, hivyo nyaya zake zikilala pamoja moto huruka kutoka mmoja kwenda mwingine. Zitenganishe, zipishe waya mwingine katikati.

*Presha ya oili ni ndogo.* Kipimo cha mafundi ni pauni 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000. Thibitisha kwanza kwa geji nyingine. Ikiwa ni kweli, usiongeze oili nzito ili kuficha, rudi kwenye daftari lako uangalie nafasi za beringi, na ukague vizibo vya mbele.

*Sauti ya kugonga kama kijiko kwenye sufuria, upande mmoja.* Mara nyingi ni roka iliyolegea. Ikirudi kulegea baada ya kurekebishwa mara mbili, kinundu cha kamshafti kinaliwa. Zima injini, kwa maana chuma hicho sasa kinaelekea kwenye beringi zako.

*Moshi wa bluu baada ya kuwasha tu* ni sili za valvu. *Moshi wa bluu unapoachia mafuta kwa ghafla kutoka kasi kubwa* pia huwa sili au gasketi ya manifoldi inayonyonya oili kutoka chini. Moshi usiokoma wakati wote ni ringi, aghalabu iliyofungwa juu chini.

*Mlio wa changarawe ukikanyaga mafuta yote.* Hiyo ni petroli inayolipuka kabla ya wakati wake. Rudisha taiming nyuma digrii mbili mara moja, tumia petroli bora, na uangalie kauri ya plagi: vidoadoa vidogo vyeusi au vya kung'aa juu yake vinaonyesha kwamba pistoni imeanza kuumia.

*Muda unabadilika kutoka mbio hadi mbio ilhali injini ni nzima.* Hili ndilo litakalokuondoa mapema katika braketi, na mara nyingi sababu yake ni joto la maji. Mbio ya kwanza umeondoka ukiwa kwenye nyuzi 150 za Fahrenheit, ya pili ukiwa kwenye 190 kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Funga feni ya umeme na pampu ya maji ya umeme ziweze kufanya kazi injini ikiwa imezimwa, chagua joto moja, tuseme 170, na usisogee kwenye taa za kuondokea kabla geji haijafika hapo.